Barua ya wazi kwa wakuu wa utamaduni, maktaba na makumbusho Kisumu: twaomba kabati moja la kaseti za gemu

Waheshimiwa,

Nawaamkia kwa heshima. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Kondele, kazi niliyoifanya karibu miaka ishirini. Naandika kwa niaba yangu na wenzangu saba ambao kila Jumapili jioni, soko la Kibuye linapoanza kupungua watu, hupita kwenye turubai za vyombo vikuukuu vya umeme wakitafuta kaseti za gemu, yaani vile vipande vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine za michezo ya televisheni. Hatuzitafuti tuziuze. Tunazisafisha, tunasoma kilichomo, tunaandika tulichokiona, kisha tunazihifadhi. Kasha letu limejaa, na hatuna mahali pakavu pa kuliweka. Ombi lenyewe nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta huko chini: tunaomba kabati moja lenye kufuli katika maktaba au jumba la makumbusho, meza moja yenye stima, na daftari la ofisi la kuandikia kila kinachoingia.

Sasa niruhusuni nieleze.

Mwaka 1996 baba yangu mdogo alikuwa na chumba cha gemu Manyatta. Kilikuwa chumba cha mabati chenye benchi mbili, televisheni ndogo ya Great Wall, ile ya picha nyeusi na nyeupe, na mashine ya gemu iitwayo Mega Drive, ya kampuni ya Sega ya Japani, aliyoinunua Mombasa ikiwa imekwisha tumika. Mchezo mmoja ulikuwa shilingi mbili. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kupokea pesa na kuwazuia watoto wasikanyage waya. Gemu iliyopendwa ilikuwa ya Sonic, kalunguyeye mwenye mbio, na Sonic niliyemjua mimi alikuwa wa kijivu. Kwamba ni wa buluu nilikuja kujua nikiwa darasa la saba, nilipomwona kwenye daftari la mtoto aliyehamia kutoka Nairobi, na siku ile nilibishana naye hadi kengele ya kurudi darasani ikalia.

Tena Sonic wetu alikuwa na mwendo wa polepole kuliko wa Tokyo. Televisheni za Kenya zilifuata mfumo wa PAL, picha 50 kwa sekunde, ilhali za Japani na Marekani zilikuwa 60. Sonic ya kwanza, iliyotoka mwaka 1991, inahesabu mwendo wake kwa picha. Mashine ya toleo la Ulaya kama ya baba mdogo ilipunguza kila kitu kwa sehemu moja ya sita, mbio na muziki pia, na kioo kikabaki na ukanda mweusi juu na chini. Nilipokuja kuusikia muziki ule kwa kasi yake ya asili nikiwa mtu mzima, nilidhani kuna mtu ameuharakisha.

Watoto wa Manyatta walimwita Jaringo, mkimbiaji. Yule adui mnene tulimwita Mzee Kitambi. Ukutani kwa makaa paliandikwa juu, chini, kushoto, kulia, halafu A pamoja na Start. Ukifuata mpangilio huo kwenye skrini ya kwanza unasikia mlio wa pete, na unaweza kuchagua hatua yoyote unayotaka. Nani aliuleta ujuzi huo Manyatta kabla hatujajua intaneti ni nini? Nimewauliza wazee wa siku zile. Mmoja ananiambia ni baharia wa Mombasa, mwingine ni binamu aliyesoma Nakuru. Jibu halijaandikwa popote, na wanaoweza kulitoa wanazidi kupungua.

Waheshimiwa, kuna watu duniani wanaoyachunguza mambo haya kwa umakini ule ule ambao mwanahistoria huupa barua za kale. Wengi ni mashabiki wa kawaida wanaojitolea baada ya kazi zao. Wanatafuta matoleo ya majaribio, yaani prototaipu, ambazo ni gemu zilizokuwa bado jikoni. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1992 magazeti ya gemu yalichapisha picha za hatua moja ya Sonic 2 iitwayo Hidden Palace, pango lenye vito vinavyong'aa. Gemu ilipotoka Novemba mwaka huo, pango halikuwamo. Ndani ya kaseti kilibaki wimbo mmoja, namba 10 kwenye orodha ya kujaribia sauti, ambao hauchezwi mahali popote katika gemu nzima. Waliokuwa na magazeti yale walijua walichokiona, ila hawakuwa na cha kuwaonyesha wenzao. Miaka saba ikapita. Mwaka 1999 shabiki mmoja akakuta, kwenye tovuti ya Kichina, nakala ya toleo la majaribio la Sonic 2, na humo pango lilikuwamo: ungeweza kuingia na kutembea ndani yake.

Toleo lile lilikuwa limesambaa kwa njia ya kaseti bandia. Naomba mlitafakari hilo. Kipande hicho cha historia hatukupewa na ghala la kampuni. Kilitufikia kupitia mkono wa mtu aliyenakili bila ruhusa na kuuza sokoni, mbali sana na mahali gemu ilipotengenezwa. Nasi tunajua vizuri ni kaseti za namna gani zilizojaa Kisumu miaka ya tisini. Zilikuwa bandia karibu zote.

Mambo yanayogunduliwa si makubwa kila mara. Kuna madogo ambayo mimi binafsi hunifurahisha kuliko hata pango lile. Namba za siri za kuchagua hatua katika Sonic 2 ni 19, 65, 09, 17, na hiyo ni siku ya kuzaliwa ya Yuji Naka, aliyeongoza uandishi wa programu yake: 17 Septemba 1965. Namba nyingine, 1, 9, 9, 2, 1, 1, 2, 4, ni 24 Novemba 1992, siku gemu ilipoingia madukani Marekani. Aliyeitengeneza aliacha alama ya kidole chake, na mashabiki wakaisoma.

Wakati mwingine kaseti hujibu swali la nani alifanya kazi gani. Kwa miaka mingi watu walibishana kama Michael Jackson alishiriki kwenye muziki wa Sonic 3, iliyotoka mwaka 1994. Toleo la kompyuta la mwaka 1997 lilikuwa na nyimbo tofauti katika hatua kadhaa, na hakuna aliyejua kwa hakika kama nyimbo hizo zilitungwa baadaye ili kuziba pengo. Mwaka 2019 kundi la kujitolea lililojipa jina la lile pango, Hidden Palace, likatoa prototaipu ya Novemba 1993. Nyimbo za 1997 zilikuwamo tayari. Kumbe zile ndizo zilizotangulia, na zile tulizozizoea zikaja baada yake. Mwaka 2022 Yuji Naka mwenyewe akasema hadharani kwamba Jackson alihusika. Mzozo wa karibu miaka thelathini ulipata ushahidi wa kushika mkononi kwa sababu kuna mtu hakukitupa kipande cha plastiki.

Na bado kuna vilivyopotea. Sonic alionyeshwa kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea ya Tokyo mwaka 1990, mwaka mzima kabla ya gemu kutoka. Picha zipo. Programu yenyewe haijapatikana.

Nije kwa chipu, maana hapa ndipo penye haraka. Kaseti iliyotoka kiwandani huwa na chipu ambayo data yake imechongwa humo moja kwa moja, na hiyo hudumu sana. Prototaipu, kwa kawaida, huandikwa kwenye chipu za EPROM. Chipu hizo zina kidirisha cha kioo mgongoni, na data yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa ndani. Mwanga wa urujuanimno, ambao umo hata katika jua letu la mchana, ukipita kwenye kidirisha hicho unaifuta. Ndiyo maana hubandikwa karatasi juu yake. Karatasi hiyo ikibanduka na bodi ikalala juani Kibuye kwa miezi, inaweza kubaki tupu, na kwa macho huwezi kuitambua. Hata ikiwekwa gizani chaji huvuja pole pole kadiri miaka inavyokwenda. Chipu za aina hiyo zilizoandikwa mwaka 1992 zina zaidi ya miaka thelathini sasa.

Kaseti za kawaida nazo zina adui hapa kwetu, na adui huyo ni hewa ya ziwa. Miguu ya shaba iliyo chini ya kaseti, 64 kwa Mega Drive na 60 kwa mashine za kuiga Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo ya Japani, hushika kutu ya kijani. Sote tulifundishwa kuipuliza kwa mdomo kaseti ikikataa. Tulikuwa tunaiongezea mate, yaani tunaiharibu. Dawa yake ni spiriti na pamba, kisha kuisubiri ikauke.

Mwaka juzi mwenzetu mmoja alinunua Kibuye katoni yenye kaseti thelathini na moja. Kumi na tisa zilisomeka. Moja ilijigamba kwenye lebo kuwa na gemu 9,999,999. Tulihesabu, tukakuta sita, nyingine zote ni zile zile zikianzia hatua tofauti au zikibadilishwa rangi. Kwa mpita njia huo ni utapeli tu. Kwetu ni kumbukumbu ya biashara: ni gemu zipi zilizochaguliwa kuletwa Afrika Mashariki, nani aliondoa jina la kampuni kwenye skrini ya kwanza, kwa nini moja kati ya hizo sita ina herufi ambazo hatujaweza kuzitambua. Ndani, badala ya chipu yenye maandishi, kuna tone jeusi la gundi lililofunika kila kitu, kwa hiyo njia ya kujua kilichomo ni kuisoma kupitia miguu yake. Hiyo tumejifunza kuifanya. Kifaa cha kusomea tumekiunganisha wenyewe kwa michoro iliyotolewa bure kwa umma.

Kaseti ikisomwa huzungumza. Mwanzoni mwa data ya kila gemu ya Mega Drive kuna kichwa cha maandishi chenye jina, mwenye haki na tarehe. Ya Sonic ya kwanza husema SEGA 1991, Aprili. Ya Sonic 2 husema Septemba 1992. Na kaseti mbili zenye lebo moja si lazima ziwe sawa: katika toleo la kwanza la Sonic mawingu ya Green Hill, hatua ya kwanza ya gemu, hutulia ukisimama, na katika toleo lililofuata la Japani yanaendelea kusogea yenyewe. Muuzaji hawezi kuona tofauti hiyo, hata mimi kwa macho siwezi. Ni data peke yake inayoweza kusema.

Hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Baba mdogo alikuwa na kaseti moja isiyo na lebo, yenye karatasi ya dawa iliyobandikwa kwa selotepu na namba ya kalamu ya wino. Ilikuwa Sonic, lakini haikuwa ile tuliyoijua. Nakumbuka hatua iliyokatika ghafla, ardhi ikaisha na Jaringo akaanguka, kila mara pale pale. Tuliiona mbovu, tukaiweka pembeni. Baba mdogo alipofariki mwaka 2014 nilikuwa kazini Eldoret. Niliporudi baada ya matanga, mashine na kaseti zote zilikuwa zimepimwa kwenye mizani ya vyuma chakavu pamoja na mabati ya chumba. Simlaumu mama mdogo, alikuwa na ada ya shule ya kulipa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba vitu vile vina thamani yoyote.

Sidai kwamba ilikuwa prototaipu. Huenda ilikuwa nakala mbovu tu, iliyokatwa ili itoshee chipu ndogo. Kumbukumbu yangu ya miaka tisa haimthibitishii mtafiti chochote, na ndivyo inavyostahili. Ningekuwa nayo leo, ningeijua kweli yake kwa dakika kumi.

Ndiyo maana tulikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini, ambayo sitaitaja, na barua na kasha letu mkononi. Tulipokewa kwa adabu. Tuliambiwa kwamba vitu vya kuchezea watoto havina faili, na kwamba mambo ya gemu hupelekwa kwa wanaoshughulikia kamari. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa sababu ninajua hofu hiyo ilikotoka. Mashine za kamari zilizowekwa madukani mitaani zimewala watoto wetu pesa za chakula, nami nilishukuru kuona zikibebwa. Lakini mashine ya kamari na kaseti ya Sonic ni vitu viwili mbali mbali kama mbuyu na mchicha. Mzazi anayekumbuka kumfuata mwanawe kwenye chumba cha gemu na kiboko, naye namwelewa, mama yangu alinifuata mara nyingi. Hatuombi watoto waitwe kuja kucheza badala ya kusoma.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inazipa kaunti kazi za utamaduni na burudani. Katika aya hiyo hiyo zimetajwa maktaba, makumbusho, na maonyesho ya video pamoja na ukodishaji wake. Nimeisoma mara nyingi. Chumba cha baba mdogo na maktaba vimo katika aya moja, kwa hiyo nimeona hakuna wa kuandikiwa zaidi yenu. Nanyi wa jumba la makumbusho, ambalo limekuwa wazi tangu 1980, mmetunza boma la Ber-gi-dala ili mtoto wa mjini aone jinsi nyumba ya Mluo ilivyopangwa. Nilipelekwa pale na shule yangu. Mnajua kuliko mimi kwamba kitu cha kila siku hugeuka urithi pale watu wanapoacha kukitumia.

Kwingine wameanza. Berlin ilifungua jumba la makumbusho la gemu za kompyuta mwaka 1997. Rochester, Marekani, jumba la Strong lilimwingiza Sonic kwenye orodha yake ya heshima ya gemu mwaka 2016. Hata hivyo hata huko hali si njema: utafiti uliotolewa mwaka 2023 na wakfu wa historia ya gemu wa Marekani ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena kwa njia yoyote halali. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ikakataa kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali.

Nalitaja hili la hakimiliki makusudi, msije mkafikiri tunawavuta kwenye kesi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda maandishi, na sisi tunaiheshimu. Hatutagawa gemu za watu. Kaseti itakaa kabatini, itasomwa kwenye meza hiyo hiyo mbele ya mtunzaji, na kitakachotoka nje ni maelezo: jina, tarehe iliyomo, picha ya bodi, ilipatikana wapi, na nani anaikumbuka. Mkiona inafaa mwanasheria wenu aandike masharti, tutayatia sahihi.

Kuna ombi dogo juu ya hilo la kabati. Vyombo vikuukuu vya umeme vinapokusanywa ili vikaharibiwe salama, jambo ambalo ni jema kwa ziwa letu, mturuhusu kupita kwenye rundo kwa nusu siku kabla halijachukuliwa. Tutakuja na glavu zetu.

Na vijana wapo. Wawili kati ya hao saba ni wasichana wa chuo cha ufundi ambao wamejifunza kusoma data ya chipu kwa sababu ya kaseti hizi, na sasa wananisaidia kutengeneza televisheni ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa. Mwaka 2013 Sonic 2 ilipotengenezwa upya kwa ajili ya simu, Hidden Palace ilirudishwa mahali pake, na kazi ile ilifanywa na watu waliotoka miongoni mwa mashabiki. Mwaka 2017 Sega iliwakabidhi watu wa namna hiyo hiyo gemu mpya nzima, Sonic Mania. Walianza kwa kuzifungua gemu za zamani kuona zinavyofanya kazi, kama wasichana hawa.

Kwa sasa kasha liko chini ya meza yangu ya kazi, limefungwa kwa nailoni mbili, na ndani nimeweka mchele kwenye soksi ili unyonye unyevu. Mvua za masika zikianza maji huingia dukani kwangu kwa mlango wa nyuma. Siku yoyote mtakayoitaja, hata kama ni ya kuja kuangalia tu, tutalileta pamoja na kifaa cha kusomea, na mtajionea wenyewe kaseti ikisoma tarehe yake.

Wenu mtiifu,
Fundi wa redio na televisheni, Kondele, Kisumu